Bili ya mguu ulioteguka, na mshelisheli wa jirani

Dola 1,900! Mguu umeteguka tu, haukuvunjika. Eksirei moja, bandeji, vidonge vya maumivu, na daktari aliyeingia mara moja akasema mfupa mzima, nenda nyumbani. Pigeni hesabu kwa shilingi wenyewe.

Mnaoniandikia kila siku mkitaka kuja Honolulu, huku Hawaii, Marekani, lijueni hili kwanza. Sheria ya Hawaii ya tangu 1974 inamtaka mwajiri amkatie bima ya afya mfanyakazi anayefanya saa 20 au zaidi kwa wiki. Ukipewa saa 19, ujue kuna mtu kakaa chini akapiga hesabu. Mimi nimepewa 19. Ulizeni saa kabla ya kuuliza mshahara. Na bili ikija usikimbilie kulipa, uliza kama hospitali ina msaada kwa wasiojiweza. Nyingi zinao, ila hawakwambii.

Aliyeniuguza hasa ni mama wa Kisamoa, mtu wa visiwa vya Samoa katika Pasifiki, tunayepakana naye ua. Kaniona nachechemea, kaniita, kanikalisha chini ya mshelisheli wake. Akachanja gome kwa ncha ya kisu, utomvu mweupe ukatoka taratibu, akaukinga kwa vidole na kunikanda kifundo chote, kisha akafunga kitambaa. Unanata vibaya sana: huku zamani ulikuwa ulimbo wa kunasia ndege, na wa kuzibia nyufa za mitumbwi. Visiwani mwao ndiyo dawa ya mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka, na mwenye maumivu yanayotoka kiunoni kushuka mguuni hufungwa nao mgongoni. Ukizimuliwa kwa maji hunywewa kwa kuhara. Majani yakipondwa ni ya magonjwa ya ngozi na utando mweupe wa ulimi, na maji yake hutiwa kwenye sikio linalouma.

Kama ni utomvu au ni mkono wake, sitaapa. Najua alikuja kila jioni mpaka nikakanyaga chini, na nilipomtolea pesa alichukia kweli.

Kinachoniuma ni kwetu Pemba. Shelisheli la nazi, la kukaanga, la kuchoma, yote nayajua, na futari bila hilo naiona pungufu. Lakini mti wenyewe hakuna aliyenionyesha kuwa una dawa. Wenzetu wazee wao waliubeba baharini kutoka kisiwa hadi kisiwa, machipukizi ya mizizi ndani ya mitumbwi, kwa kuwa aina nyingi hazina mbegu. Mti uliohangaikiwa hivyo wanaujua mpaka ua lake. Yale maua ya kiume marefu wanayakausha na kuyachoma kufukuza mbu, na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani walipoyapima wakakuta asidi za mafuta zinazowafukuza kweli. Kwetu tunayafagia na kuyatupa, halafu tunakwenda dukani kununua dawa ya mbu. Mwenye mshelisheli uani ayaanike, ayachome jioni moja, kisha aniandikie.