Baragumu la bomba la maji

Jumapili iliyopita, kanisani kwetu Kadutu, hapa Bukavu, shemasi mmoja alipuliza baragumu katikati ya ibada. Wala si pembe ya kondoo: ni kipande cha bomba la maji kilichopakwa rangi ya dhahabu. Watoto walicheka. Mimi sikucheka.

Mtindo huo ameutoa kwenye video za wahubiri wa Marekani. Tarehe 6 Januari 2021, Bunge la Washington lilipovamiwa na wafuasi wa Trump, katika umati ule kulikuwa na misalaba, bendera za Yesu na mabaragumu. Kwetu mtindo huo umeingia polepole: kwanza wimbo, kisha maombi ya "kumiliki serikali". Sasa nasikia kwamba asiyemtaka kiongozi fulani ana pepo.

Nilimweleza mchungaji habari za Ujerumani: Julai 1933, kundi la "Wakristo wa Kijerumani" waliomuunga mkono Hitler walishinda uchaguzi wa kanisa la Kiprotestanti. Waliowapinga walikutana mjini Barmen Mei 1934, wakawakataa hadharani. Akanijibu, "Papa, hiyo ni kelele tu, itapita."

Shemasi sasa anataka korali imfuate. Nimemwambia, "Ndugu yangu, sauti yako haipatani na yetu." Alicheka. Baragumu bado liko nyuma ya mimbari, kando ya kapu la sadaka.