Nilivyotumia vidonge vya chuma na asidi ya foliki mpaka akiba ikajaa

Karatasi ya maabara ilisema himoglobini, ile protini yenye chuma inayobeba oksijeni kwenye damu, ni gramu 8.4 kwa desilita. Kwa mwanamke mzima asiye na mimba, chini ya 12 tayari ni upungufu wa damu. Kwa mjamzito mpaka ni 11, kwa mwanaume 13. Nilikuwa nimeshuka hasa, na mwili ulishaanza kulalamika kitambo. Nikipanda ngazi chache moyo unaenda mbio, nikiinuka ghafla macho yanaingia giza, kucha zinameguka, na juu ya hayo nina hamu ya kutafuna barafu isiyoisha. Hiyo ya barafu sikuitaja hata kwa daktari mpaka aliponiuliza mwenyewe. Kumbe hamu ya vitu visivyo chakula, iwe barafu, udongo au wanga mbichi, ni dalili inayojulikana ya upungufu wa chuma, na mara nyingi huondoka mapema, kabla hata himoglobini haijapanda vya kutosha. Yangu iliondoka hivyo.

Nilitarajia kuandikiwa vidonge vya kuongeza damu niende zangu. Daktari akaweka kalamu chini. "Dada, kabla sijakuandikia chochote, tujue kwanza damu yako inaishia wapi."

Alikuwa na haki. Kwa kawaida mwili hupoteza miligramu 1 hadi 2 tu za chuma kwa siku, kiasi ambacho chakula cha kutosha hufidia. Anayeishiwa akiba, basi ama anavuja damu mahali, ama hapati chuma cha kutosha, ama utumbo wake haukipokei, ama mahitaji yamepanda kama wakati wa ujauzito. Kwangu ilikuwa hedhi nzito, na picha ya ultrasaundi ikaonyesha fibroidi, uvimbe usio saratani, kwenye kizazi. Kwa mwingine ingekuwa minyoo ya safura, vidonda vya tumbo, au mazoea ya kumeza aspirini na ibuprofeni kila mgongo ukiuma. Mwanaume, au mwanamke aliyekwisha koma hedhi, akiishiwa chuma bila sababu inayoonekana anapaswa kuchunguzwa tumbo na utumbo, kwa sababu wakati mwingine kinachovuja ni saratani. Vidonge vitampandishia namba na kumchelewesha kujua.

Nikapimwa pia feritini, kipimo kinachoonyesha akiba ya chuma. Ilikuwa 6. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, chini ya maikrogramu 15 kwa lita maana yake akiba imekwisha. Kipimo hiki kina ujanja wake: feritini hupanda mtu akiwa na maambukizi, hivyo namba nzuri iliyopimwa katikati ya homa isikufurahishe haraka.

Nasisitiza habari ya vipimo kwa sababu si kila upungufu wa damu unatokana na chuma. Kuna wa malaria, wa figo, wa vitamini B12, wa selimundu, wa thalasemia (hii nayo, kama selimundu, ni ugonjwa wa damu wa kurithi). Mwili wa binadamu hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Mgonjwa wa selimundu au thalasemia ambaye ameongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana chuma cha kupindukia kinachoharibu ini na moyo, na kidonge anachopewa na jirani mwenye huruma kinamwongezea mzigo huohuo.

Dawa nikaandikiwa, na hapo ndipo mfamasia alipochukua zamu. Alinifundisha kusoma boksi. Kinachoandikwa kwa herufi kubwa mara nyingi ni uzito wa chumvi yote ya chuma, siyo chuma chenyewe. Feri salfeti ya miligramu 200 ina chuma halisi kama miligramu 65. Feri glukoneti ya miligramu 300, ambayo kwa macho inaonekana kubwa zaidi, ina 35 tu. Kwa hiyo ukibadilishiwa aina, usihesabu vidonge. Uliza chuma halisi ni kiasi gani. Vyangu vilikuwa vya pamoja, chuma miligramu 60 na asidi ya foliki maikrogramu 400, yaani miligramu 0.4.

Asidi ya foliki huhitajika ili seli nyekundu zitengenezwe na kukomaa. Wengi huichukulia kama kitu kisichoweza kudhuru, na mimi siafiki. Vipo vidonge vya asidi ya foliki pekee vya miligramu 5, zaidi ya mara 12 ya kile kilichokuwa ndani ya kidonge changu. Dozi kubwa hivyo ina watu wake, kwa mfano mama aliyewahi kujifungua mtoto mwenye mgongo wazi na anataka kushika mimba nyingine. Kwa mtu mwenye upungufu wa B12, foliki nyingi inaweza kurekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. Ganzi ya miguuni ndiyo inamshtua akiwa amechelewa. Na mjamzito anayepewa SP ya kujikinga na malaria, foliki ya miligramu 5 hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Ile ya 0.4 haina shida.

Kazi kubwa kwangu ilikuwa saa ya kumeza. Chuma hupokelewa vizuri tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au saa mbili baada ya kula. Chai, kahawa, maziwa, vidonge vya kalisi na dawa za kupunguza asidi tumboni vyote hukizuia. Sasa mimi natumia levothiroksini kwa ajili ya tezi ya shingo, nayo inataka tumbo tupu asubuhi, na chuma kikikutana nayo huishika isipokelewe. Lazima zipishane kwa saa nne. Nikatoa asubuhi kabisa kwenye hesabu. Mchana nina chai yangu na siiachi. Ikabaki usiku: nakula mapema, nasubiri, nameza na glasi nzima ya maji, kisha nakaa wima kidogo kabla ya kulala, kwa sababu kidonge cha chuma kikikwama kooni huunguza. Anayetumia doksisaiklini, siprofloksasini au dawa za VVU zenye dolutegravir naye aulize jinsi ya kupishanisha, maana nazo hugombana na chuma.

Mtu atauliza kuhusu juisi ya chungwa. Vitamini C inasaidia kweli, hasa kwa chuma kilicho kwenye maharage na mboga za majani. Kwa kidonge chenye chuma kingi faida yake ni ndogo, na kununua vidonge vya vitamini C pembeni naona ni kutupa pesa. Maji yalinitosha.

Jambo lililonishangaza zaidi ni kwamba sikuandikiwa kumeza kila siku. Niliandikiwa siku moja nameza, siku moja napumzika. Daktari alinieleza hivi: ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, na ukishameza kidonge cha chuma homoni hiyo hupanda na kukaa juu kwa takriban saa 24. Ikiwa juu, utumbo hupokea chuma kidogo. Tafiti zilizofanywa kwa wanawake wenye akiba ndogo zilionyesha kwamba kidonge cha siku baada ya siku hupokelewa kwa sehemu kubwa zaidi kuliko cha kila siku. Kidonge cha pili cha siku hiyohiyo, basi, kinaleta kichefuchefu zaidi kuliko damu. Lakini mjamzito asiige ratiba yangu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wajawazito chuma miligramu 30 hadi 60 pamoja na foliki 0.4 kila siku, na anayefuata kliniki afuate alichoandikiwa kwenye kadi yake.

Tumbo lilinisumbua, sitadanganya. Ladha ya chuma mdomoni, kichefuchefu, choo kigumu. Maji mengi na mboga vilipunguza ugumu. Kichefuchefu kilipungua nilipokuwa nameza na kitu kidogo cha kula, hata kama hapo chuma kinachopokelewa hupungua. Bora kidonge kinachopokelewa nusu kuliko kinachobaki kwenye boksi. Choo kuwa cheusi ni kawaida, ni chuma kilichobaki kinachotoka. Kisicho cha kawaida ni choo cheusi kinachong'aa na kunata kama lami, chenye harufu kali, hasa kikija na maumivu ya tumbo au kizunguzungu. Hicho ni damu iliyovuja tumboni, na mtu anayemeza chuma anaweza kukipuuza kirahisi akidhani ni vidonge. Anayeandikiwa chuma cha maji badala ya vidonge, atumie mrija, meno yasipate madoa.

Sasa kuna mtoto wa mdogo wangu, yuko katika umri wa kupanda viti na kufungua kila kifuniko, naye hushinda kwetu. Vidonge vya chuma mara nyingi vina rangi nzuri na ganda tamu. Kwa mtoto, chuma halisi cha miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wake kinatosha kuanza kumdhuru. Zaidi ya 60 kwa kilo ni hatari ya kifo. Piga hesabu mwenyewe: mtoto wa kilo 10, vidonge vinne vyenye miligramu 60 vinavuka mpaka wa kwanza, na kumi vinafika wa pili. Dozi yangu ya wiki chache tu ilitosha kumuua. Kinachotisha zaidi ni mwendo wa sumu yenyewe. Saa za mwanzo mtoto hutapika na kuharisha, pengine na damu, kisha anaweza kutulia hata akaonekana amepona, na baadaye ndipo mzunguko wa damu na ini vinapoanguka. Kwa hiyo akimeza hakuna kusubiri kuona dalili wala kumtapisha kwa nguvu. Ni hospitali mara moja, na boksi mkononi ili wajue kiasi. Vyangu vilikaa kwenye boksi lake, kabati la juu lenye kufuli. Mdogo wangu aliniona nina woga. "Dada, si ni vitamini tu?" Nikampa karatasi ya maelezo asome mwenyewe, akarudi akauliza ufunguo nauweka wapi.

Baada ya kama mwezi nilirudi kupima. Himoglobini 10.1. Daktari alikuwa anatafuta dalili hiyo tu, kwamba imepanda kwa zaidi ya gramu 1. Isingepanda, angeuliza kama nameza kweli, kama utumbo unapokea, au kama navuja kuliko ninavyojaza. Kwa wasiopokea kabisa kupitia tumbo, au wasiovumilia vidonge, ipo njia ya dripu ya chuma hospitalini. Kwa upande wa hedhi nilipewa asidi ya traneksami, dawa ya kupunguza damu ya hedhi, ya kumeza siku za damu nyingi tu, baada ya kuulizwa kwa makini kama nimewahi kuwa na damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu. Bila hilo nadhani tungekuwa tunajaza ndoo iliyotoboka.

Kipimo kilichofuata kilisoma 12.6. Hapa ndipo watu wengi huacha, na naelewa kwa nini: nguvu zimerudi, ngazi hazinitishi, barafu imesahaulika, na hakuna anayependa ladha ile. Lakini feritini yangu siku hiyo ilikuwa 14. Mwili hupeleka chuma kwanza kutengeneza seli nyekundu. Akiba hujazwa mwisho. Himoglobini nzuri yenye feritini ya 14 maana yake ni kwamba hedhi chache nzito zingenirudisha nilikotoka. Daktari akaagiza niendelee miezi mitatu zaidi, ratiba ileile ya siku baada ya siku. Hiyo miezi mitatu ndiyo iliyokuwa ngumu, kumeza dawa ukiwa mzima. Nilichofanya ni kuweka alama kwenye kalenda kila usiku wa zamu, na kama nimesahau, nameza kesho yake na kuhesabu upya kutoka hapo. Kurundika viwili kufidia sikuthubutu.

Feritini ilipofika 52, daktari akasema chuma basi. Nilivyobakiza nikavirudisha famasi, maana kuviweka "kwa ajili ya baadaye" ndani ya nyumba yenye mtoto sikuona maana.

Asidi ya foliki sijaacha. Mimi na mume wangu tunapanga mtoto, na mfereji unaotengeneza ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua kama wana mimba. Hivyo nimebaki na kidonge cha maikrogramu 400 kila siku, tangu sasa mpaka wiki ya 12 ya ujauzito. Chuma tutakiangalia upya kliniki kwa kipimo kipya, na levothiroksini nayo ipangiwe saa zake tena.