Pauni 174.50 za kutazama watu wakigombana

Barua ilikuja Aprili 2025: leseni ya televisheni, pauni 174.50. Mwaka uliotangulia ilikuwa 169.50. Ndiyo, leseni. Hapa Uingereza televisheni unainunua, unaipandisha ngazi mwenyewe hadi ghorofa ya tatu, kisha unalipia ruhusa ya kuitazama. Nilipomsimulia dada yangu kwenye simu alicheka mpaka akakohoa, akauliza kama redio nayo ina leseni. Nikaenda kuangalia: ilikuwepo, ikafutwa 1971.

Nimenung'unika wiki nzima, lakini nimelipa. Kiingereza changu kimetoka kwenye hiyo televisheni.

Msinicheke. Nilisoma Kiingereza miaka yote ya shule, nikafika huku na cheti cha mtihani mkononi na viza ya kuhudumia wazee, kazini karibu na Manchester. Siku ya kwanza mwenzangu akapita akitupa neno kama "orait?" Nikasimama nikaanza kumweleza: safari, baridi, mgongo. Alikuwa ameshafika mwisho wa korido; kumbe ni salamu tu. Mchana mzee mmoja akaomba "a brew". Nikadhani pombe, nikaenda kuuliza kama anaruhusiwa. Alitaka chai. Na kumbe "tea" yenyewe kwa watu wa huku kaskazini ni chakula cha jioni!

Kilichoniuma ni muuguzi wa zamu. Alianza kusema nami polepole, kwa sauti ya juu, akinyoosha kila neno kama anamwita mtu ng'ambo ya mto. Mbele ya wagonjwa. Mimi niliyekuwa nikiandikia mtaa mzima barua za Kiingereza!

Aliyeniokoa ni bibi mmoja wa chumba cha mwisho. Kila Coronation Street ikianza, kazi husimama. Ni tamthilia iliyoanza 1960 na haijaisha mpaka leo, ya mtaa wa kubuni wenye lafudhi ya Salford, jirani na Manchester, ileile iliyokuwa ikinitesa koridoni. Masikio yake yamechoka, kwa hiyo huweka maandishi chini ya skrini. Hapo ndipo nilipoona kwa macho nisichokisikia. Maandishi yalisema "What are you going to do?" Sikio langu lilipata "wochagonadu", neno moja tu.

Nikaelewa ugonjwa wangu. Kiswahili kila irabu hupata haki yake. Sema "karibu", zote tatu zinasikika. Wao hukaza neno moja au mawili yenye uzito, yaliyobaki wanayameza. "Should have" inabaki "shuda". Nilikuwa nikingoja maneno ya kitabuni yapite mbele yangu mojamoja, na hayakuwa yakipita.

Bibi akanigundua. Akawa anafunika maandishi kwa gazeti, ananigeukia: kasema nini huyo? Nikikosea anacheka, kisha anarudia kwa sauti ya mhusika, mkono kiunoni. Hakuna aliyemlipa kwa hilo.

Nyumbani nikaendeleza. Kipande cha dakika mbili, basi. Kwanza bila maandishi, naandika ninachosikia hata kiwe upuuzi. Halafu nafungua maandishi, ya Kiingereza si ya lugha nyingine, natafuta nilipoangukia. Mwisho nasema pamoja na mhusika mpaka pumzi zetu zilingane. Chagueni ugomvi, au mtu anayedanganya. Ndipo lugha inapotoka na nguo zake za nyumbani. Ukisikia "I'm not being funny, but", kaa sawa, tusi liko njiani. Kamusi haikuonyi hivyo.

Ila tamthilia nayo ina sumu yake. Pale mtaani mtu asiposikia hujibu "You what?", yaani "Eti nini wewe?" Siku moja muuguzi yule kanituma, sikumsikia, nikamjibu hivyohivyo, kwa lafudhi ya tamthilia. Niliitwa ofisini.

Mnaoniandikia mkitaka kuja: njia yangu imefungwa. Tangu Julai 22, 2025 mwajiri hawezi tena kuleta mhudumu mpya kutoka nje kwa viza ya kuhudumia wazee. Wakala anayekuambia vinginevyo anakula hela yako. Wenye njia nyingine, ulizeni kwanza mnakwenda mji gani, ndipo mchague tamthilia. Wa London ana EastEnders, ipo tangu 1985, lafudhi nyingine kabisa. Mwenzangu mmoja alijifunzia kwenye tamthilia za Marekani, akamsifia bosi "pants" zake. Marekani ni suruali. Hapa ni chupi.

Juzi nilimweleza bibi habari ya leseni yangu. Yeye, kwa nafuu ya makao ya wazee, chumba chake hulipiwa pauni 7.50. Nikamtajia 174.50.

"You what?" akasema. Na hakuitwa ofisini.