Chupa ndo zinatumaliza

Jamani leo nimetoka kwa muuza vifungashio, hata hamu ya kula sina.

Kwa wasiojua, nasindika sosi ya nyanya, kabiashara kadogo tu, mimi na wasaidizi wawili. Watu wanadhani kazi ngumu ni kupika. Wapi! Kupika tushaweza, pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka ndo uchachu unazidi) tunapima kila mara, lazima iwe chini ya 4.6 la sivyo unakaribisha bakteria wa kuua mtu, na nyanya zenyewe zinachezea hapo hapo kwahiyo unaongeza asidi ya sitriki kidogo. Hilo tunalimudu.

Sasa leo nimeulizia chupa za kioo zenye mfuniko unaobana vizuri, kaka wa watu akanijibu kwa upole kabisa, dada oda ya chini ni kontena zima.

Kontena!!

Mimi nauza kwa katoni, duka kubwa wananilipa baada ya miezi mitatu, mkulima anataka keshi asubuhi hiyo hiyo (na ana haki, naye ana watoto).

Kilichoniuma zaidi, alinipa ile chupa ya sampuli niondoke nayo. Njia nzima kwenye gari nafungua nafunga, nafungua nafunga, jirani wa siti akanigeukia.

Nawaza wasindikaji wadogo tuungane tuagize pamoja, ila kila mtu ana ukubwa wake na lebo yake.

Kuna aliyewahi kufanya hivyo? Mligawanaje, na hela alishika nani? Njooni kwenye komenti.