Mikro ya gitaa, maharage 20 na ubishi wa leo

Nimerudi Katuba saa mbili za usiku, mikono bado inanuka mshumaa, na kabla sijalala nataka niandike yote juu kesho kazi inaanza na nusu yake itanitoka. Leo nimeshinda Kenya kwa baba mukubwa (Kenya ya kwetu, ile komini ya hapa Lubumbashi, si nchi). Baba mukubwa ni fundi wa bobinaji. Mota za pampu, za vinu, za feni, anazifungua, anatoa waya ulioungua, anazungusha mupya, kazi hiyo ameianza mimi sijazaliwa, na mbele ya nyumba yake kila siku utakuta mota tatu nne zinangoja zamu na wenye mota wamekaa juu ya tofali wanapiga stori.

Mimi nilimpelekea gitaa. Ni kopi ya Stratocaster niliyouziwa na mpigaji mmoja wa kanisani, ina mikro tatu (vile vinasa sauti vinavyokaa chini ya nyuzi), na ile ya nyuma, karibu na pale nyuzi zinafungiwa, ilikuwa imekufa wiki tatu sasa. Nilipima na testa, hakuna kitu, waya umekatika ndani. Hapa mjini sikumpata wa kuniuzia nyingine kwa bei ninayoweza, basi nikajiuliza, mtu anayezungusha waya wa mota miaka yote hii atashindwaje kuzungusha wa mikro?

Watu wengi wanafikiri sauti ya gitaa ya umeme inatoka kwenye ubao. Ubao una kazi yake, sikatai, lakini bila mikro umeshika ubao tu. Na mikro yenyewe ni sumaku sita ndogo, kila uzi na ya kwake chini, halafu waya wa shaba umezungushwa hapo mara 8,000 hivi, waya mwembamba kama unywele, milimita 0.06. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, ndani ya ile shaba unazaliwa umeme kidogo sana, ampli inaukuza, basi, njo roki hiyo. Shaba! Mimi nimekulia mji huu, bomba la moshi na ule mulima mweusi wa mabaki ya shaba nimeviona kila siku ya maisha yangu, malori ya shaba yanaelekea mpakani Kasumbalesa usiku na mchana, na sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba kila gitaa nililolipenda kwenye redio na kwenye simu limebeba shaba tumboni. Leo niliishika kwa vidole na nilibaki kimya muda.

Waya wa namna hiyo haumo kwenye mota za pampu, ule ni mnene. Baba mukubwa aliutoa kwenye relei ya zamani ya volti 220 ambayo alikuwa ameiweka kwenye kopo miaka mingi, yeye hatupi kitu. Akaifunga mikro kwenye drili ya mkono, ile ya kuzungusha na mpini, yenye meno. Mpini ukizunguka mara moja, ncha inazunguka mara nne, kwa hiyo ni mara 2,000 za mpini. Akanipa maharage 20 kwenye sahani, kila mizunguko 100 nisogeze haragwe moja upande wa pili. Yeye anazungusha kwa mkono wa kuume, na waya unapita katikati ya kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, macho yake wala hayako pale, yanaangalia barabarani, anausikia waya kwa ngozi.

Kwenye haragwe la 13 ukakatika. Mi nikasema tuulehemu tuendelee. Akakataa. "Fundo mu katikati? Hapana. Kesho itakusumbua." Akafungua yote, mizunguko yote ile, tukaanza sifuri.

Sasa ubishi ulianza hapo, wakati anafungua: nani mpigaji mkubwa kuliko wote wa gitaa ya umeme? Mdogo wangu, mtoto wake wa mwisho, yeye ni mtu wa Eddie Van Halen, yule mpigaji wa roki wa Marekani. Kwake mpigaji ni spidi. Anakuonyesha kwenye simu vile yule jamaa alikuwa anagonga nyuzi kwa vidole vya mikono yote miwili juu ya shingo ya gitaa, ile albamu ya kwanza ya kikundi chake ya 1978, na anauliza nani mwingine alifanya hivyo watu wote wakamfuata. Na kweli walimfuata, miaka ya 80 yote utasikia watu wanagonga-gonga tu. Shida yangu ni kwamba walichukua vidole wakaacha mwendo. Msikilize Van Halen akipiga tu gitaa ya kusindikiza, chini ya sauti ya mwimbaji, pale ndipo alikuwa mkubwa, na pale ndipo hakuna aliyemuiga.

Mimi tangu nina miaka 15 jibu langu lilikuwa Jimi Hendrix na sikutaka kusikia lingine. Nilimpigia baba mukubwa hesabu: mtoto wa Seattle, Marekani, amezaliwa 1942, anafika London Septemba 1966 hakuna anayemjua, wiki moja baadaye, tarehe 1 Oktoba, anaomba kupanda jukwaani na kikundi cha Eric Clapton, mtu ambaye London ilikuwa imeandika ukutani kwamba ni Mungu, na baada ya usiku ule Clapton mwenyewe akabaki ameduwaa. Septemba 1970 Hendrix amekufa, ana miaka 27. Miaka minne! Na ile mikro iliyokuwa mbele yetu kwenye drili ndiyo inaeleza kitu kimoja juu yake. Kwenye Stratocaster mikro ya nyuma imewekwa mshazari, upande wa nyuzi nyembamba uko karibu zaidi na mwisho wa nyuzi, juu zitoe sauti kali. Hendrix alikuwa wa kushoto, alichukua gitaa ya mtu wa kuume akaipindua, akapanga nyuzi upya, na mshazari nao ukapinduka. Nyuzi zake nene zikawa kali, nyembamba zikapata unene. Hiyo ni sehemu ya sauti yake, na ilitoka tu kwenye kitu ambacho hakikutengenezwa kwa ajili ya mkono wake.

Baba mukubwa alisikiliza hiyo ya mshazari kwa makini, ya Mungu wa ukutani hakujali. Ya Van Halen ilimfurahisha nilipomwambia yule gitaa yake aliiunga mwenyewe kwa vipande, ubao huku, shingo kule, mikro ameitoa kwenye gitaa ya Gibson, na hiyo mikro aliichovya kwenye nta iliyoyeyuka juu isipige mluzi ampli ikiwa juu. "Ah, huyo njo fundi," akasema, na akamtuma mdogo wangu dukani akalete mishumaa.

Mama mukubwa alipita na sinia ya mboga, akauliza kama katika hao wote hakuna mwanamuke. Nikamfungulia Sister Rosetta Tharpe, Manchester 1964, amesimama kwenye stesheni ya treni na koti lake, gitaa ya umeme kifuani, anamwimbia Mungu. Mama mukubwa akaweka sinia chini. Akatazama mpaka mwisho, akasema huyo ametangulia wote, na kwa miaka yuko sawa kabisa, Rosetta alikuwa anarekodi tangu 1938 wakati hao wengine hawajazaliwa.

Halafu nikataja Tony Iommi, mpigaji wa kikundi cha Black Sabbath, na drili ikasimama.

Iommi ni mtoto wa Birmingham, mji wa viwanda kule Uingereza. Alikuwa na miaka 17, anafanya kazi ya mabati, na siku yake ya mwisho kazini wakamuweka kwenye mashine ambayo hakuizoea. Ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume, cha katikati na kile cha pete. Na yeye ni wa kushoto, ina maana huo mkono wa kuume ndio anaobana nao nyuzi. Madaktari wakamwambia asahau gitaa. Mkubwa wake wa kazi akampelekea sahani ya muziki ya Django Reinhardt, mpigaji wa jazi, akamwambia sikiliza, huyu anapigia vidole viwili, vingine viliungua moto. Basi Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vikofia vya vidole, akavifunika na ngozi. Nyuzi za kawaida zikamuumiza, akatafuta nyembamba. Baadaye akazilegeza, na kufika 1971 Black Sabbath walikuwa wanarekodi gitaa limeshushwa nusu-toni tatu, na ile sauti nzito, ya chini, inayokuja polepole kama kitu kinakokotwa, ikawa baba wa muziki wote wa metali.

"Mashini ilimukata bidole," baba mukubwa akasema polepole, "njo akajitengenezea bingine yeye mwenyewe?"

Nikamwambia ndiyo. Akainua mkono wake wa kushoto akauangalia. Vidole vyake viko vyote, lakini amefanya kazi na watu ambao havipo, kila mtu hapa anajua watu kama hao.

Na mimi nikiwa pale na sahani ya maharage mapajani nikaona jibu langu la tangu miaka 15 limebadilika. Hendrix nampenda zaidi, nitampenda siku zote. Lakini kama swali ni nani ameacha alama inayotembea, naona ni Iommi. Ukimuiga Hendrix kila mtu anajua umemtoa nani, kofia, moto, kila kitu, unabaki umevaa nguo ya mtu. Iommi aliwapa watu kitu wanachokitumia bila hata kujua jina lake. Kijana wa Botswana na koti lake la ngozi, kwenye kikundi cha metali, analegeza nyuzi zake anafikiri ni zake, kumbe analegeza juu kuna mtu aliumia vidole Birmingham. Uzito wa muziki ule ulianza kama njia ya kupunguza maumivu.

Haragwe la 9 hivi la mara ya pili, baba mukubwa akaanza kuongea bila kuacha kuzungusha. Juu ya Mwenda Jean-Bosco, Mwenda wa Bayeke, mpigaji gitaa wa kwetu Katanga. Mzaliwa wa Bunkeya, 1930. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa anarekodi muziki wa Afrika, alimrekodi Jadotville, sasa ni Likasi, ni hapo tu kwa bara bara, na ile nyimbo "Masanga" ikatoka pale, sahani zikafika mpaka Nairobi, wapigaji wa kule wakakaa kuzisikiliza kutafuta huyu mtu amewezaje. Gitaa moja, unasikia mbili. Na alikuwa anachuna kwa kidole gumba na cha shahada tu. Baba mukubwa alipokuwa mtoto walitengeneza gitaa za kopo la mafuta, nyuzi wanazichambua kwenye kamba ya freni ya kinga (baiskeli), wanabishana nani amekaribia Mwenda. Alipokufa 1990, ajali ya gari kule Zambia, anasema Kenya yote ilinyamaza.

Sikuwa na neno. Miaka yote nabishana juu ya watu wa Seattle na Birmingham, na vile viwili, gumba na shahada, vilikuwa mbele ya macho yangu vinashika waya wa mikro yangu.

Kitu kimoja nilimwambia na kilimgusa. Huko California, kiwandani kwa Fender, wenye Stratocaster, mikro zilikuwa zinazungushwa na wanawake, mkono unaongoza waya hivi hivi kama yake. Mmoja, Abigail Ybarra, alianza 1956 akafanya hiyo kazi miaka zaidi ya 50. Wanaojua gitaa wanazitafuta mikro zake, wanasema mkono hauzungushi sawasawa kama mashine, na huko kutokuwa sawa kunasikika. Akanifanya nirudie jina. Abigail. Akalisema mwenyewe mara mbili.

Saa kumi na moja tulimaliza haragwe la 20. Tukayeyusha mishumaa kwenye kopo ndani ya maji ya moto, tukachovya mikro, vipovu vidogo vikatoka, tukangoja mpaka viishe. Testa ikaonyesha kilo-om 6.3, sawa kabisa na zile mbili nyingine zinavyokaa. Nikalehemu, nikafunga, nikachomeka kwenye ampli ndogo. Inatoa! Kali, ina kitu kidogo cha mchanga ndani yake, naipenda kuliko ilivyokuwa. Nikalegeza nyuzi nusu-toni tatu baba mukubwa asikie ile ya Birmingham, nikapiga noti tatu nzito, na ndani mama mukubwa akauliza nini hiyo.

Baba mukubwa akaomba gitaa. Hakurudisha nyuzi juu, aliziacha zimelegea vilevile, na kwa vidole viwili, bado vina nta kwenye kucha, akapiga vile walivyokuwa wanapiga kwenye makopo. Nzito, chini kabisa, lakini inatembea, gumba linaenda na njia yake na shahada na njia yake. Mdogo wangu akazima simu. Mwenye mota mmoja aliyekuja kuuliza ya kwake akabaki amesimama na kofia mkononi.

Akanirudishia akasema ile mikro ya mbele nayo haipendi, inapiga mluzi. Jumamosi nampelekea, na waya wa relei umebaki wa kutosha.