Kibubu cha Binti wa Dada Yangu na Vijana Saba wa Seoul

Mwaka huu wote nimemtazama binti wa dada yangu, aliye kidato cha pili na anayeishi nami hapa Dar es Salaam, akidunduliza fedha kwa ajili ya kundi la muziki la Korea Kusini, nami nimefikia imani ambayo ningependa kuiandika kabla Desemba 2025 haijaisha. Ninaamini kwamba mapenzi ya kijana kwa wanamuziki, ambayo watu wazima wengi huyaita kupoteza muda, yanaweza kumfundisha kuweka akiba kuliko mawaidha yetu yote, kwa kuwa humpa kitu anachokitaka mwenyewe, chenye bei inayojulikana na siku yake ya kufika. Sisi tulikaririshwa shuleni kwamba haba na haba hujaza kibaba, lakini sikumbuki mwalimu hata mmoja aliyetuuliza tulitaka kukijaza kibaba hicho kwa ajili ya nini.

Kundi lenyewe ni BTS, vijana saba walioanza kazi tarehe 13 Juni 2013, ambao mashabiki wao duniani kote hujiita ARMY. Kuanzia mwisho wa 2022 waliingia mmoja baada ya mwingine katika utumishi wa lazima wa taifa lao, na wa mwisho, Suga, alimaliza Juni 2025. Mwanzoni mwa Julai wakatangaza kwamba albamu mpya ya kundi zima itatoka majira ya machipuko ya 2026. Kwa mtu asiyewafuatilia hiyo ilikuwa habari ya burudani tu, lakini kwa mtoto wa miaka kumi na minne anayepewa posho ya shilingi 2,000 kwa siku, nauli na chakula vikiwa humo humo, ilikuwa ni kupewa miezi minane au tisa ya kujipanga. Jioni hiyo hiyo alikuja na daftari, akaniamkia, kisha akaniambia, "Mamdogo, naomba uninunulie kibubu cha mbao, kile cha kupigiliwa misumari, kisichofunguka mpaka kivunjwe." Hakuomba fedha za albamu, na jambo hilo lilinigusa kuliko nilivyomwonyesha.

Nilipomuuliza angeweka kiasi gani na siku gani, alinijibu kwa kunieleza mambo ambayo sikuwa nimewahi kuyasikia. Huko Korea, benki ya KB Kookmin ilitoa mwaka 2018 akaunti ya akiba yenye jina la BTS, ambayo fedha zilizowekwa siku ya kuzaliwa ya msanii wa kundi hilo, au siku ya kumbukumbu ya kuanza kwao, zilipata riba ya nyongeza. Kisha mwaka 2023 benki ya mtandaoni ya KakaoBank ikaanzisha akaunti ambayo shabiki hujitungia kanuni zake mwenyewe: msanii nimpendaye akiweka picha mpya, naweka kiasi fulani, akitoa wimbo, naweka kiasi kikubwa zaidi. Yeye hawezi kufungua akaunti ya namna hiyo, kwa kuwa hana kitambulisho cha taifa na hata laini ya simu anayoitumia imesajiliwa kwa jina la mama yake, lakini kanuni hazihitaji benki. Aliziandika katika ukurasa wa kwanza wa daftari na kuzibandika juu ya kibubu: Jungkook, mmoja wa vijana hao wa BTS, akitokea mtandaoni, shilingi 500, siku ya kuzaliwa ya yeyote kati ya wale saba, shilingi 2,000.

Nataka kukaa kidogo kwenye kanuni hizi, kwa sababu ndani yake nimeliona somo ambalo mimi nililipata nikiwa mtu mzima mwenye mshahara. Kanuni ya kwanza ilimshinda mapema. Wakati wa utumishi wa jeshi wasanii walikuwa wakionekana kwa nadra, na huenda yeye aliitunga akiwa bado na mazoea ya ukimya ule; lakini waliporudi walianza kuzungumza na mashabiki mara kwa mara, na Jungkook akawa mmoja wa wale wanaojitokeza bila taarifa, hata usiku wa manane. Mtoto akajikuta anadaiwa na kibubu chake kuliko posho inavyoweza kulipa. Kwa siku kadhaa alishinda shuleni bila kula, na nilipogundua nilimwambia kwa upole kwamba akiba inayotoka katika njaa haidumu. Hakuiacha kanuni, bali aliirekebisha: mara moja kwa juma, hata Jungkook akitokea mara ngapi, na zaidi ya hapo ni kwa hiari. Wakati huo huo akatafuta njia ya kuongeza mapato, akaanza kukaanga visheti Jumamosi na kuwauzia majirani, akitenga kwanza fedha ya unga, sukari na mafuta kabla hajahesabu faida. Sijui somo la darasani ambalo lingemfikisha kwenye tofauti ya mapato na faida kwa haraka namna hiyo.

Kanuni ya siku za kuzaliwa nayo ilikuwa na hekima ambayo hakuikusudia. Wasanii watano kati ya saba wamezaliwa kati ya Septemba na Desemba: Jungkook tarehe 1 na RM tarehe 12 Septemba, Jimin tarehe 13 Oktoba, Jin tarehe 4 na V tarehe 30 Desemba. Kwa hiyo kibubu chake huwa kizito zaidi mwishoni mwa mwaka, majuma yale yale ambayo watu wengi, nikiwemo mimi, tunamaliza kila kitu kwa ajili ya sikukuu, kisha tunaingia Januari ya ada na sare za shule tukiwa mikono mitupu.

Lipo pia suala la kununua, ambalo kwa mashabiki wa huku si jepesi. Kuagiza albamu moja kutoka Korea mpaka Dar es Salaam kunaweza kugharimu usafirishaji unaokaribia au kuzidi bei ya albamu yenyewe, bado kodi za forodhani. Ndiyo sababu mashabiki huagiza kwa pamoja: mmoja wao, aliye mtu mzima na mwenye kadi ya benki, hukusanya fedha kwa simu, hulipa mara moja, na gharama ya mzigo hugawanywa. Mpango huu unafanana sana na mchezo wanaoucheza akina mama mtaani, na unasimama juu ya nguzo ile ile, yaani uaminifu. Nilifurahi kumsikia binti akimwuliza mwandaaji, kwa adabu lakini bila kuyumba, kama angeweza kuona risiti za maagizo yaliyopita, na nani angewajibika endapo mzigo ungepotea. Wapo watu wazima wengi waliopoteza akiba zao kwa sababu waliona haya kuuliza maswali hayo mawili.

Sitaki kuandika kana kwamba biashara hii haina ubaya, kwa maana upo, na ni mkubwa. Albamu za Korea hutolewa katika matoleo kadhaa yenye majalada tofauti, na ndani ya kila nakala huwekwa fotokadi, yaani picha ndogo ya msanii, ambayo mnunuzi hawezi kuichagua. Anayemtaka Jungkook anaweza kununua nakala nyingi na kuwapata wengine wote isipokuwa yeye. Tena ziko hafla za kusaini albamu ambazo nafasi zake hutolewa kwa bahati nasibu, na kila nakala unayonunua inakuongezea tiketi. Mwaka 2024 zilisambaa picha za marundo ya albamu za kundi jingine, Seventeen, zilizotelekezwa mtaani Shibuya, jijini Tokyo, kwa kuwa walionunua walitaka kilichomo ndani tu. Huu ni mtego uliotegwa kwa makusudi, na unawalenga watoto, jambo linaloniudhi sana.

Hata hivyo, mtoto mwenye kibubu ana kinga ambayo mtoto mwenye mzazi wa kumlipia kila kitu hana. Fedha aliyoidunduliza kwa visheti na kwa kutembea vituo viwili badala ya kupanda daladala ina uzito mkononi mwake. Niliona alipokuwa akipiga hesabu kwa kutumia bei za albamu zilizopita, maana bei ya ile mpya ilikuwa haijatangazwa: aliandika matoleo mawili, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akakata moja. Fotokadi ya Jungkook, kama haitakuwamo, ataibadilisha na shabiki mwenzake, kwani kubadilishana hakuna gharama. Sikumshauri lolote.

Yeye mwenyewe anapenda zaidi kuzungumza juu ya Juni 2020, wakati BTS na kampuni yao walipotoa dola milioni moja kwa harakati za Black Lives Matter, za kupinga ubaguzi dhidi ya watu weusi, na mashabiki wakachangishana kiasi hicho hicho ndani ya siku moja hivi, wengi wao kwa michango midogo kabisa. Wakati huo alikuwa mtoto wa shule ya msingi na hakuchangia chochote. Lakini alipoisoma habari hiyo ndipo alipoelewa, kwa maneno yake, kwamba shilingi 500 si fedha ya kudharauliwa kama wako wengi wanaoitoa siku moja.

Jambo lililobaki ni mjadala kati yangu na mama yake. Dada yangu anaona kwamba Januari kibubu kivunjwe, kisaidie madaftari na viatu, na kama kitabaki kitu ndipo albamu ifikiriwe. Namheshimu, naye ni mkubwa wangu, lakini nimempinga kwa nguvu zote. Madaftari ni wajibu wetu sisi, na mtoto akiona kwamba fedha aliyoitunza kwa kujinyima inaweza kuchukuliwa na wakubwa kwa sababu yoyote nzuri, atajifunza kuitumia mapema kabla haijachukuliwa. Tumekubaliana hivi: kibubu kitakaa mpaka bei itangazwe, V atapata shilingi 2,000 zake tarehe 30, na kitakachozidi baada ya albamu moja kitaingia benki katika akaunti ya mtoto, ambayo mzazi ndiye anayepaswa kuifungua. Dada ameahidi kuja Januari kuifungua, akiwa na cheti cha kuzaliwa cha binti na picha za pasipoti.