Tulivyoandika sehemu ya muziki katika muhtasari wa somo la sanaa

Mtaala mpya wa Tanzania Bara ulipoanza kutumika Januari 2024, Sanaa na Michezo ikapata nafasi yake kwenye ratiba ya shule ya msingi. Sisi wa zamani tuliokota sanaa kwa kubahatisha, ikiwa imefichwa ndani ya Stadi za Kazi, na mwalimu asipoipenda basi imepita. Mimi nafundisha muziki Dodoma, na nilikuwa miongoni mwa walimu walioshiriki kuandaa rasimu ya sehemu ya muziki.

Jedwali la muhtasari lina safu zake: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, mbinu, vigezo vya upimaji, zana, idadi ya vipindi. Umahiri mkuu huandikwa asubuhi moja tu, kwa kuwa ni maneno mazuri yasiyo na mpinzani. Tulikwama kwenye vigezo vya upimaji.

Rasimu ya awali ilitaka mwanafunzi aimbe skeli, yaani ngazi ya sauti, "kwa sauti sahihi". Sahihi kwa nani? Nyimbo za Wagogo zinafuata sauti zinazozaliwa na mlio wa uzi mmoja: do, mi, so, halafu ta (yaani ti iliyoshushwa) iliyo chini kidogo ya ile ya kinanda, kisha do ya juu na re. Mtoto aliyelelewa na nyimbo hizo ukimpima kwa kinanda anafeli, na kumbe anaimba barabara. Nikalisema hilo kikaoni, nikaonekana naleta ukabila.

Basi nikaenda Chamwino kwa mzee mmoja mpiga zeze, kinanda kidogo cha betri kwapani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwalimu. Leo umeniletea nini?"

Akakaza nyuzi, akapitisha upinde, nami nikabonyeza ta papo hapo. Sauti zikakwaruzana hadi wajukuu wakacheka. Mzee akanitazama kwa huruma: "Hicho kinanda chako kimelegea." Nikarekodi yote kwa simu, na kikao kilichofuata sikutoa hotuba, niliwasikilizisha tu.

Kigezo kikaandikwa upya: anaimba wimbo wa jamii yake akipatana na wenzake kwa sauti na mapigo. Hata mwalimu asiyejua noti anaweza kulipima hilo kwa masikio yake. Noti hazikufutwa, ila zikapewa shughuli yake peke yake.

Ugomvi wa pili ulikuwa wa majina ya ngoma. Sindimba, bugobogobo, lizombe, mdundiko, kila mjumbe akivuta ya kwao. Kwa nchi yenye makabila zaidi ya 120, hakuna orodha itakayomridhisha kila mtu. Nilipendekeza tutaje kazi badala ya ngoma: kuitikia kiongozi, kubadilisha mapigo, kuingia na kutoka uwanjani kwa mpangilio. Mwalimu achague ngoma ya hapo alipo na nyingine ya mbali. Hiyo ya mbali niliipigania hasa, maana bila hiyo mtoto wa Mtwara angemaliza shule hajacheza chochote zaidi ya sindimba. (Zanzibar wana mtaala wao, kwa hiyo msewe ya Pemba ilituponyoka, nami bado inaniuma.)

Mjumbe mwingine alitaka wavulana wapige ngoma na wasichana wacheze, kwa madai kuwa ndiyo mila. Tulimwonyesha video ya muheme: kinamama wa Kigogo wamebana ngoma mapajani, wanazipiga mpaka vumbi linaruka. Hoja ikafa palepale.

Kwenye zana tuliondoa kinanda, tukaweka kayamba, marimba, zeze pale lilipo, pamoja na ndoo, madebe na makopo ya changarawe. Shule nyingi ninazozijua zina madebe.

Tulipojaribu rasimu shuleni, swali zito liliulizwa na mwalimu mkuu mmoja, baada ya kusoma tulipoandika "mwalimu amwalike msanii wa eneo husika". Aliuliza, "Huyo mzee atalipwa na nani?" Jedwali halina safu ya pesa. Tukapendekeza kiongozi cha mwalimu, kile kitabu cha maelekezo, kieleze kwamba mwaliko upitie kamati ya shule, na nauli na chakula cha mgeni vipangwe kwenye bajeti kabla muhula haujaanza. Kuhusu posho, wajumbe walishindwa kuafikiana, na mimi bado nasema alipwe.